Marahaba kabla ya shikamoo

Mgeni wangu alipoingia uani kwetu Mtambwe, Pemba, neno la kwanza alilomwambia bibi yangu lilikuwa "Merhaba."

Bibi alikuwa amekaa jamvini, amenyoosha miguu, anachambua karafuu. Akainua uso, lakini hakumtazama mgeni. Alinitazama mimi.

"Huyu kaniitikia nini, na hata hajaniamkia?"

Kwa Waturuki merhaba ni salamu ya watu wote, mkubwa kwa mdogo, dukani na njiani. Kwetu marahaba ina mwenyewe. Ni ya mkubwa, tena huja nyuma ya shikamoo, haitangulii. Kwa masikio ya bibi, mwanamke wa umri wa wajukuu zake kaingia uani kwake na kujitwalia ukubwa bila ya kupewa.

Sikuwahi kueleza. Mgeni wangu, Abla, alikwishapiga magoti kando ya jamvi, kaushika mkono wa bibi uliojaa weusi wa karafuu, kaubusu, kisha kaugusisha kwenye paji la uso wake. Ndivyo wazee wanavyoamkiwa kwao. Bibi alinyamaza kidogo, mkono wake bado umo mikononi mwa mgeni.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na safari hii neno lilikaa mahala pake.

Nimeishi Uturuki miaka mitano, na tangu nirudi Pemba watu huniuliza, khasa wazazi ambao watoto wao wamepata nafasi ya kwenda kusoma nje: ulifanyaje na lugha? Ulipataje wenzio? Nilikuwa nikijibu kwa mkato tu, "atazoea." Jibu hilo halimsaidii mtu, na wala si kweli kwamba nilizoea tu. Abla amekaa kwetu wiki mbili, nimemwona akipita njia ileile niliyopita mimi, na sasa naona naweza kulijibu suali lile kama linavyostahiki.

Namwita Abla kwa sababu ndilo jina nililompa tangu mwanzo. Maana yake dada mkubwa. Waturuki, kama sisi, hawamwiti mtu aliyewazidi umri kwa jina kavu. Mwanamke mtu mzima ni teyze, mama mdogo, hata kama unamwona kwa mara ya kwanza ndani ya basi. Mwanamme ni amca, na ukilisikiliza vizuri neno hilo utamsikia ami yako ndani yake. Jambo hili peke yake lilinipa moyo sana siku za mwanzo. Nilikuwa sijui lolote, lakini nilijua kwamba nimefika kwa watu ambao kila mtu kwao ni ndugu wa mtu.

Niliondoka Septemba 2014, nimemaliza kidato cha sita, nimepata ufadhili wa serikali ya Uturuki kusomea uuguzi. Ufadhili huo humpa mwanafunzi mwaka mzima wa kujifunza Kituruki kabla ya masomo yenyewe. Nilipangiwa Kayseri, mji wa katikati ya nchi, mbali na bahari, chini ya mlima Erciyes ambao kilele chake kinapita mita 3,900 na kina theluji hata wakati watu wa mjini wanatembea na mashati ya mikono mifupi.

Watu hudhani baridi ndiyo iliyonitesa. Baridi ina koti. Kilichonitesa ni kunyamaza. Mie kwetu ndiye niliyekuwa nikitangulizwa mbele inapokwenda posa, inapopokelewa harusi, kwa sababu nina maneno. Kayseri nikawa mtu wa maneno mawili, evet na hayır, ndiyo na hapana. Hilo la pili nalo lilinitaabisha. Hayır ni kheri yetu hiihii. Waturuki wanayo kwa maana ya kheri pia, kitu kipya kikipatikana wanakuombea kiwe hayırlı, chenye kheri. Lakini neno hilohilo ndilo hapana yao. Nikiomba kitu nikajibiwa hayır, moyo wangu ulikuwa unafurahi kwanza, kisha ndipo akili inafika na kuuambia: umenyimwa.

Na kuna hapana nyengine, isiyokuwa na neno. Mturuki anainua nyusi, kichwa kinakwenda nyuma kidogo, ulimi unagonga meno: cık. Basi, hapana imekwisha semwa. Wiki yangu ya tatu nilikwenda duka la viungo kutafuta iliki ya chai. Jina lake kwa Kituruki silijui, kwa hiyo nikaonyesha kwa vidole udogo wake, nikafanya kama ninaiponda, nikanusa hewa. Mzee mwenye duka akanitazama, akainua nyusi, akagonga ulimi. Nyie mnajua kwetu msonyo ni nini. Mtu mzima hakusonyi hivihivi, lazima umemkosea sana. Nilitoka dukani nimeinamisha kichwa, na nikarudi dakhalia kwa miguu, mwendo wa dakika arubaini, kwa sababu sikutaka mtu ndani ya tramu anione nikilia. Yule mzee alikuwa ananiambia tu kwamba hajanifahamu. Nililijua hilo baada ya miezi miwili, na miezi yote hiyo nilikuwa nikizunguka njia nyengine ili nisipite mbele ya duka lake.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu mtu anapokwambia "jifunze lugha" huwa anafikiria maneno. Nyusi nazo zina lugha, na hiyo hamna kitabu kinachoifundisha. Unahitaji mtu wa kumuuliza bila ya kuona haya: yule kanitukana, au ndivyo wasemavyo?

Mtu huyo kwangu alikuwa Abla, na tulikaribia kukosana kabla hatujajuana.

Alikuwa chumba cha tatu kutoka changu, mwaka wa pili wa ualimu. Siku moja akaniona peke yangu jikoni, akaniambia kwa maneno machache ya pole pole, huku akionyesha mlango wa nje: kesho, saat ikide, kapıda. Nikaelewa. Kesho, mlangoni, na saat ni saa, na iki ni mbili. Saa mbili. Asubuhi yake saa mbili nipo mlangoni na koti na skafu, na theluji inaanza. Nikasubiri saa nzima. Hakuja mtu. Nikarudi chumbani, nikajifunika gubigubi, nikajiambia watu wa hapa wanaahidi kwa mdomo tu.

Mchana, saa nane na nusu, mlango ukagongwa. Abla, na yeye amevaa koti, na yeye uso umemshuka. Alikuwa amesimama palepale nilipokuwa nimesimama mimi, na kajiambia maneno yaleyale. Iki yao ni mbili inayoonekana usoni mwa saa. Yetu inahesabu tangu jua kuchomoza. Neno ni moja, lakini kati ya saa yao na saa yangu kuna masaa sita. Nilichukua karatasi nikachora saa, nikachora jua linatoka, nikaandika moja. Akaitazama sana ile karatasi. Kisha akakaa chini, sakafuni, akanifanyia ishara nikae, na tukaanza kuhesabu: saa yangu, saa yake, saa yangu, saa yake, mpaka adhana ya magharibi. Siku ile ndiyo urafiki wetu ulipozaliwa, na hatukuwa na maneno hamsini baina yetu.

Wakati ule nilikuwa na daftari dogo la kutia mfukoni. Nilianza kuandika ndani yake maneno niliyokuwa nayo tangu Pemba bila ya kujua. Sahan, sahani. Sabun, sabuni. Kitap, kalem, haber, cevap, dakika. Dakika ni dakika vilevile, hata herufi moja haikubadilika. Fincan, kifinjani cha kahawa. Misafir nililiandika likanisimamisha, kwa sababu ni msafiri wetu, lakini kwao maana yake ni mgeni. Sisi tunamtazama mtu yuko njiani, wao wanamtazama amekwisha kufika mlangoni. Kwa muda mrefu nilipokuwa naitwa misafir nilijisikia mtu wa kupita. Nilipojua maana yake nikaacha kuishi na sanduku limefungwa.

Darasani mambo yalikuwa mengine. Wenzangu wa Kazakhstan walikwenda mbio, lugha yao na Kituruki ni ndugu. Mimi nilikuwa nyuma mpaka siku mwalimu alipokivunja kitenzi ubaoni. Geleceğim: gel ni ja, ecek ni ta, im ni mimi. Ja-ta-ni. Nikaruka kitini! Sisi tunasema ni-ta-kuja, wao wanayafunga mambo yaleyale kwa kuanzia mwisho. Tangu hapo nikawa nakiona kitenzi cha Kituruki kama nguo iliyogeuzwa ndani nje: mishono ni ileile. Tena hawana wa kike na wa kiume, o yao ni yeye yetu, inamtosha kila mtu. Ikiwa unakwenda nchi ya watu, usikubali kuambiwa kwamba Kiswahili chako hakikusaidii. Kitafute ndani ya lugha ya wenyewe, utakikuta kimekaa mahala hujakitarajia.

Lakini sikuanza kuzungumza darasani. Nilianza kuzungumza sakafuni, nyumbani kwa kina Abla.

Alinichukua kwao mwezi wa Januari, mwisho wa muhula. Mama yake, shangazi zake wawili na bibi yake mzaa baba walikuwa wameketi kuzunguka meza fupi ya duara, wametandika kitambaa mapajani, wanatengeneza mantı. Ni chakula cha fahari cha Kayseri. Unga unasukumwa mwembamba kama wa sambusa, unakatwa vipande vya mraba vidogo sana, kila kipande kinatiwa tone la nyama ya kusaga, halafu pembe nne zinakutanishwa juu na kubanwa kwa ncha za vidole. Vikishachemshwa vinamwagiwa mtindi wenye thomu, na juu yake siagi ya moto yenye pilipili nyekundu na nanaa kavu. Wanasema mantı iliyofinywa na mkono mzuri huenea arubaini katika kijiko kimoja, na wakwe wanamtazamia mke huko.

Walinisogezea nafasi. Hakuna aliyeniuliza jina, skuli wala Afrika iko wapi. Mama mtu akanitilia vipande mbele yangu, akafinya kimoja taratibu ili nione. Nikafinya. Bibi akakichukua, akakigeuza, akasema: "Daha küçük." Nikafinya chengine. "Daha küçük." Mara ya tatu nikafahamu, kidogo zaidi. Mkono wangu umechambua karafuu tangu nina miaka mitano, umefunga sambusa za Ramadhani kila mwaka. Nilipopata kipimo vidole vikaondoka vyenyewe. Yule bibi akaacha kazi yake, akavitazama vidole vyangu, akawaambia wanawe kitu nisichokijua, na wote wakageuka kunitazama. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya taratibu: "Eline sağlık." Abla akanifasiria kwa ishara, akaugusa mkono wangu, akaugusa moyo wake. Afya iwe mkononi mwako.

Tulifinya mpaka usiku. Watu wakifanya kazi moja kwa mikono, mdomo hauna haraka. Neno likikupita litarudi. Kimya si aibu, kwa sababu mikono inazungumza. Kila kitu kilikuwa mbele yangu na jina lake: unga, kisu, chumvi, niletee, basi, bado. Nilirudi dakhalia na maneno mengi kuliko niliyoyapata kwa mwezi mzima, na kila neno lilikuwa na harufu ya siagi. Mpaka leo siwezi kusikia "daha" nisimwone yule bibi.

Baada ya pale Abla alinirudisha kwenye lile duka la viungo. Sikutaka. Akanishika mkono. Alipomweleza mzee kwamba mwaka jana nilitoka kwake nikilia, mzee alitoka nyuma ya meza yake akaweka mkono kifuani. Iliki inaitwa kakule, akanionyesha. Na mimi wakati huo macho yangu yalikuwa juu ya rafu, kwenye chupa ya kioo iliyoandikwa Karanfil. Akaifungua. Mnajua wenyewe ile harufu inavyokupiga ukiwa mbali. Nikatafuta maneno, nikayapanga kitenzi mwisho kama nilivyofundishwa, na nikasema sentensi yangu ya kwanza iliyokamilika kwa mtu nisiyemjua: "Babaannem bunu topluyor." Bibi yangu anazichuma hizi. Mzee akamwita jirani yake, jirani akamwita mwanawe. Tukaletewa chai. Nikatakiwa kusema tena.

Mwalimu alipotutaka kila mmoja asimame aeleze kwao, mimi nilizungumza karafuu. Nilieleza jinsi kimbunga cha 1872 kilivyoing'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi. Namba ile kwa Kituruki, bin sekiz yüz yetmiş iki, niliisema njia nzima ndani ya tramu, kwenda na kurudi, siku tatu.

Julai 2015, ilipokaribia Idi ndogo, nilifuatana nao kijijini kwao kuzuru makaburi. Waturuki wengi hawaachi hilo siku ya kuamkia Idi. Pembeni ya makaburi mapya kulikuwa na mawe ya zamani, yamelala upande, na maandishi ya herufi za Kiarabu. Uturuki iliacha herufi hizo mwaka 1928 ikaingia hizi za Kilatini, kwa hiyo Abla, mwalimu mtarajiwa, alikuwa hawezi kulisoma kaburi la babu wa babu yake. Mimi nimesoma chuoni Mtambwe, na bibi yangu barua zake zote ameandika Kiswahili kwa herufi hizo. Nikainama, nikalifuta jiwe moja ukoga kwa kidole. Juu kabisa: Huwal-Baqi. Yeye ndiye Mwenye kubakia. Katikati sikufahamu kitu, ni Kituruki cha zamani. Chini kabisa: Fatiha. Nikayasoma hayo mawili kwa sauti.

Bibi yake alikaa chini palepale, kwenye majani. Akaninyooshea viganja vyake, na tukaisoma Fatiha pamoja, yeye na mimi, kwa lugha ambayo si yake wala si yangu.

Sikumaliza kukosea. Kosa kubwa kuliko yote nililifanya mwaka wa tatu, nikiwa mazoezini hospitali. Kituruki kina sauti ambazo sisi hatuna. Kuna o na kuna ö, na baina ya hizo mbili kuna uhai na mauti: oldu ni imekuwa, öldü ni amekufa. Mama mmoja alikuwa benchini nje ya chumba cha upasuaji, mumewe yuko ndani. Nilitaka kumuuliza kama mumewe amekwisha kupasuliwa. Ameliyat oldu mu? Ulimi ukateleza. Yule mama akasimama, akashika ukuta, na sauti iliyomtoka sitaisahau. Muuguzi mkubwa alikuja mbio kumwambia kwamba mumewe ni mzima. Mimi nilipiga magoti mbele yake nikashika mikono yake miwili nikisema ö hii si yangu, teyze, ö hii si yangu, kwetu haipo. Alitetemeka kwa muda. Kisha akanifuta machozi mimi kwa ncha ya mtandio wake.

Usiku ule na nyusiku nyingi zilizofuata Abla alikaa na mimi mbele ya kioo. Midomo iviringe kama unasema o, ulimi ukae kama unasema e. Oldu. Öldü. Oldu. Öldü. Rafiki wa kweli wa ugenini ni yule anayekusahihisha. Wale wanaokwambia "unazungumza vizuri sana" kila unapofungua mdomo ni watu wema, lakini watakuacha hapohapo ulipo.

Kulikuwa na Waswahili wenzetu pia mjini pale, wa Bara, Mombasa na Ngazija, na Jumapili tukikutana tunapika pilau. Jumapili zile zilinirudishia roho, siwezi kuzisema vibaya. Ila nilimwona mwenzetu mmoja ambaye wiki nzima ilikuwa ni kuisubiri Jumapili. Alimaliza miaka yake akaondoka, na hakuna nyumba moja Kayseri iliyojua kwamba ameondoka. Iliniuma, kwa sababu alikuwa mtu mzuri, na wao pia walimkosa.

Nilipoondoka mwaka 2019, mama yake Abla alitoka na jagi la maji akayamwaga nyuma ya gari. Nenda kama maji, rudi kama maji. Ndiyo desturi yao kwa msafiri. Nilirudi Pemba, nikaajiriwa, tukawa tunazungumza kwa simu, na mwaka huu akaniambia anakuja. Geleceğim. Ja-ta-ni.

Sasa nirudi uani.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za ugeni. Majirani walijaa, wakamletea madafu, mkate wa kumimina, pweza wa nazi. Wakawa wanacheka, na Abla naye anacheka wanapocheka, na mimi nikauona uso wake. Nilikuwa naufahamu uso ule, nimeuvaa mwaka mzima. Usiku nilimuuliza kama amechoka. Akasema, "Masikio yamechoka."

Siku ya tatu zamu yangu ya kazi ilikuwa ya asubuhi. Ilibidi nimwache na bibi, na baina yao hakuna hata sentensi moja. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na bibi hana jembe ila ana karafuu. Nilikuwa kazini nimekaa roho juu. Niliporudi saa tisa niliwakuta jamvini bega kwa bega, Abla amefungwa kanga ya bibi, na bibi amemshika kifundo cha mkono, anamwonyesha namna ya kulikandamiza shada kwenye kiganja mpaka karafuu ziachie zenyewe, huku makonyo yanabaki upande wa pili. Mashada aliyochambua Abla yalikuwa na karafuu zilizokatika vichwa, na bibi alikuwa anazitoa moja moja na kumwekea mbele yake azione. Hakuwa akimsema. Anaiweka tu, anaigusa, anatikisa kichwa. Daha küçük, nikajiambia. Ni yuleyule bibi.

Pembeni ya goti la Abla palikuwa na daftari dogo. Nilisoma: jamvi, konyo, njoo, kaa, taratibu, tena. Na chini, kwa mwandiko wake wa ualimu, karafuu = karanfil, na amelipigia mstari mara mbili.

Alasiri jirani alipita na pakacha la karafuu kichwani, na Abla akamwambia, kama wanavyoambiwa watu wote walio kazini kwao, "Kolay gelsin." Jirani akaitikia ahsante kwa kubahatisha, akapita. Bibi akataka kujua mgeni kasema nini.

"Kamwambia kazi yake iwe nyepesi."

Bibi alifikiri, vidole vinaendelea. "Sisi tunampa pole. Wao wanamuombea." Akachukua shada jengine. "Mwambie ni neno zuri."

Nikamwambia.

Abla ameondoka juzi kwa boti ya asubuhi kutoka Mkoani. Gari lilipokuja kumchukua nilitoka na kata la maji nikayamwaga nyuma yake, na watoto wakauliza shangazi anamwagilia barabara kwa nini. Bibi alimfungia karafuu kavu katika kitambaa, za daraja la kwanza, alizozichagua kwa mkono, akasema ampelekee yule bibi wa Kayseri. Nilikuwa nimemhadithia.

Jana jioni nilikaa jamvini mahala pa Abla. Bibi akaniuliza lile neno la kazi lilikuwaje. Nikamwambia. Akalijaribu, likakataa. Akalijaribu tena, taratibu, anachambua. Hata yule jirani akapita, pakacha kichwani, jasho linamtoka, na bibi akampigia sauti kutoka uani: "Kolai gelisini!"

Jirani akasimama. "Unasemaje, bibi?"

"Nimekuombea, mwanangu. Pita."